Mbu Waliogoma Kula

Jirani yangu mshonaji aliniletea habari akiwa na sindano bado mdomoni. "Mama Kibonge, yule babu wa chumba cha mwisho anafuga mbu! Anawalisha damu yake mwenyewe. Na wewe kila asubuhi unampa mtoto!"

Nilicheka, ila ni meno tu yaliyocheka. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, babu alinibebea Kibonge nikianika nepi. Kichwa cha mtoto kwenye kiwiko cha kulia, wimbo usio na maneno, na mara mtoto kalala fofofo. Ningeanzaje kumnyima? Sikumnyima. Nilimpaka tu Kibonge mafuta ya mchaichai, utosini hadi unyayoni, akang'aa kama sufuria mpya. Kisha nikampa babu.

Siku ya tatu babu alirudi mapema, akaketi kizingitini kwangu bila hata hodi.

"Kuna nini, babu?"

"Mbu wamegoma kula."

Kumbe mshonaji hakusema uongo! Babu anafanya kazi maabara, ambako wataalamu wanatafuta namna ya kumfanya mbu asibebe malaria. Mbu wa mle wamezaliwa kwenye beseni, hawajawahi kumuuma mgonjwa. Lakini jike asipopata damu hatagi, na bila mayai utafiti unakufa. Basi mwaka wa kumi na moja huu, kila saa tatu asubuhi babu anaingiza mkono wa kulia kwenye kizimba chao. Sabuni ya kunukia hagusi. Hata harusi ya binti yake alikwenda bila manukato.

"Siku tatu sasa wanasogea, wananusa, wanageuka kama wageni walioona mboga imechacha. Daktari kasema kesho wakikataa tena, anatafuta mkono mwingine. Mlinzi wa mle keshaanza kukunja mikono ya shati!" Akashusha sauti. "Mama Kibonge, hivi damu nayo huzeeka?"

Kibonge alikuwa mapajani mwangu, ananukia kama birika la chai. Nikatazama kiwiko cha babu. Nacho kilikuwa kinang'aa.

"Babu, hebu nusa hapo."

Akanusa kiwiko. Akanusa mtoto. Akarudi kwenye kiwiko. Halafu akanikazia macho mpaka nikatapika yote, mshonaji na sindano yake.

"Kwa hiyo ulikuwa unamkinga mtoto na mbu, au na mimi?"

"Na nyote, babu. Nisamehe."

Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaenda bombani akausugua mkono kwa sabuni ya kipande, mara tatu, hadi begani.

Kesho yake mchana alirudi mkono umejaa vipele, akautembeza uani kama bibi harusi mwenye bangili mpya. "Wamekula! Wameshiba mpaka wanashindwa kuruka!" Akamnyooshea mshonaji ajionee. Mshonaji alikimbia, akaacha kiatu kimoja.

Asubuhi iliyofuata babu alipiga hodi mlangoni kwangu. Mkono wa kulia ameuficha mgongoni, wa kushoto ameutanguliza.

"Huu wa kulia una wenyewe," akasema. "Mafuta mpake tu, usiache. Ila mtoto nipe huku kushoto. Na tafadhali, mwanangu, simama hapo unielekeze, maana kwa kushoto sijawahi kubeba hata ndoo."