Mwanzi Uliochukua Nafasi ya Beseni

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Iringa mjini nikiwa nimevaa viatu vilivyong'aa, na kabla jua halijapanda sana viatu hivyo vilikuwa ndani ya choo cha shule. Mkuu wangu, Afisa Afya wa Wilaya, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza mwalimu wa zamu akieleza kwamba vyoo vyote vilioshwa alfajiri, akamshukuru kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Kijana, ukiambiwa choo ni safi, ingia. Ukiambiwa maji yamechemshwa, shika sufuria. Serikali haikulipi mshahara ili usikilize."

Niliingia. Choo hakikuwa kimeoshwa. Tangu siku ile sikuandika katika taarifa jambo ambalo sikuliona mwenyewe, na vijana mnaoifanya kazi hii leo mkiwa mmeketi ofisini, simu mkononi, ningependa mlifikirie hilo kabla ya kuendelea kusoma.

Tulioitwa Mabwana Afya katika miaka ya sabini tulikagua mengi: bucha, hoteli, visima, masoko. Lakini shule ndizo zilizotupa kazi kubwa zaidi. Tulipima umbali wa choo kutoka kisimani, tukatazama vifuniko vya mashimo, ambavyo kazi yake ni kuwazuia nzi, na tukaangalia mahali pa kunawia mikono. Kuhusu jambo hili la mwisho, mwongozo tulioutumia ulitaka kila shule iwe na beseni, maji na sabuni. Mkaguzi akiviona vitatu hivyo, shule ilikuwa imefaulu.

Iringa nilikaa miaka kadhaa, kuanzia vijiji vya barabarani upande wa Ilula hadi milimani kwenye baridi, ambako kila kaya ilikuwa na kichaka chake cha mianzi. Huko watu hukata ncha ya mwanzi mchanga na kukinga utomvu wake kwa chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta. Utomvu huo ndio ulanzi, pombe ya wenyeji. Mimi sinywi pombe. Nilichojifunza kwao ni jinsi ya kuutoboa mwanzi mkubwa kwa nondo iliyopashwa moto, kifundo baada ya kifundo, mpaka ukawa bomba. Mafundi wa milimani walileta maji hivyo kutoka chemchemini hadi uani, bila kuhitaji hata bomba moja la chuma.

Kisha nikahamishiwa Mbeya. Afisa Afya wa Mkoa alinipokea kwa maneno machache. Alisema kuna shule moja katika tambarare za Usangu ambako watoto wanaharisha damu kila baada ya wiki chache, na kamati ya shule imekwisha kumpata mwenye makosa. Kamati iliamini kwamba ugonjwa umeletwa na wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Ilikuwa imeazimia kuwaondoa shuleni watoto wao wote mwisho wa mwezi, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia.

"Nenda kaangalie," alisema. "Lakini jiulize: wakiondolewa na ugonjwa ukaisha, utasema nini?"

Nilimjibu kwamba nitasema nilichokiona.

Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa mtu nadhifu, mpenda utaratibu. Alinionyesha vyoo vyenye vifuniko na kisima kilichojengewa ukingo. Nilipouliza habari za kunawa, akaniongoza hadi kwenye beseni la bati lililosuguliwa likang'aa, na mche wa sabuni pembeni. Nikamwomba niketi pale hadi watoto watakapokula.

Kengele ya chakula ilipolia nikaona kwa macho yangu chanzo cha msiba wote. Watoto walijipanga kwa heshima, kama walivyofundishwa nyumbani kwamba mkubwa hunawa kwanza. Darasa la saba walitangulia, wakafuata la sita, na kadhalika hadi wale wadogo, wote wakichovya mikono katika maji yaleyale. Nyuma ya darasa la kwanza kulikuwa na kundi jingine, la watoto wa wafugaji wa madarasa yote, waliowekwa mwisho kwa kuwa walihesabiwa wageni. Zamu yao ilipofika, maji yalikuwa na rangi ya uji wa ulezi. Walinawa humo, wakaenda kula makande kwa mikono hiyohiyo.

Miongoni mwao alikuwamo msichana mrefu aitwaye Kabula, mwanafunzi wa darasa la saba. Nilimwuliza kama ameugua. Akajibu kwamba ameugua mara tatu. Nikawauliza wenzake wa darasa lake, watoto wa wenyeji: hakuna hata mmoja. Walioharisha zaidi walikuwa darasa la kwanza, darasa la pili na watoto wa wafugaji, yaani wote waliofika kwenye beseni mwishoni.

Hata hivyo sikutosheka. Ingewezekana kweli kwamba ugonjwa ulitoka nyumbani kwao. Nilipanda baiskeli hadi kwa baba yake Kabula, Mzee Masanja, nikawakuta wadogo zake wanne, ambao hawajaanza shule, wakikimbizana na ndama. Walikuwa wazima. Maji ya nyumbani waliyanywa wote pamoja, lakini aliyeugua alikuwa yule mmoja tu aliyekwenda shule.

"Bwana Afya," Mzee Masanja aliniambia, "wanasema tumekuja na ugonjwa kwenye mikia ya ng'ombe. Umeuona?"

"Mikia nimeiangalia, Mzee. Haina kitu."

Alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Binti yule alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika darasa la saba.

Jioni ile nilimwendea Mwenyekiti wa kamati, akaniambia kwamba maji ya beseni yanawatosha watoto wote; nikamwomba kamati ikutane shuleni siku iliyofuata, wakati wa chakula, na Mzee Masanja awepo. Wajumbe walitazama watoto wakinawa kama kawaida. Mwalimu Mkuu alinikumbusha, kwa haki yake, kwamba mwongozo unasema beseni, na beseni wanalo. Mtoto wa mwisho alipomaliza, nililibeba beseni kwa mikono miwili, nikaliweka mbele ya Mwenyekiti wa kamati, na kando yake sahani ya makande.

"Karibu unawe, Mwenyekiti."

Aliyatazama maji. "Maji haya?"

"Hayohayo. Jana uliniambia yanatosha."

Hakunyoosha mkono, wala mjumbe yeyote hakunyoosha. Mzee Masanja aliinama akachungulia ndani ya beseni, akasema polepole, "Mimi ng'ombe wangu siwanyweshi maji haya."

Mwenyekiti alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mjinga. Aliisukuma sahani kando, akaniuliza tufanye nini. Azimio la kuwafukuza watoto halikutajwa tena siku ile, wala baadaye.

Niliagiza mianzi kutoka Iringa, ikashushwa shuleni na lori la mazao. Wanakijiji walikusanyika kutazama, na mmoja akaniuliza kwa sauti ili wote wasikie, "Bwana Afya, mwanzi huo utatoa maji au ulanzi?" Nikamjibu aje anywe mwenyewe ajue. Tuliutoboa vifundo, tukaulaza juu ya miti ya panda, tukautia matundu upande wa chini, kila tundu na kizibo cha gunzi, kisha tukaziba ncha moja na kuinua kidogo ile nyingine ya kujazia maji ya kisima. Mtoto alipochomoa gunzi, maji yalimwagikia mikono yake peke yake, kisha yakaangukia kokoto tulizotandaza ili pasiwe na tope. Sabuni ilipoadimika tulitumia majivu.

Siku ya kwanza Kabula alinawa ubavuni mwa mtoto wa Mwenyekiti, tundu kwa tundu, kwa wakati mmoja.

Kuhara damu kulikoma kabla ya mtihani, na Kabula aliufanya mtihani ule akiwa mzima. Afisa Afya wa Mkoa alikuja mwenyewe kukagua, na sikumweleza lolote mpaka alipochomoa gunzi kwa mkono wake. Aliporudi Mbeya aliagiza kwamba mkoani kwake beseni lisihesabiwe tena kuwa mahali pa kunawia. Maji yatiririke, kwa debe lenye bomba au kwa mwanzi. Nilitembea shule kwa shule nikiifundisha kazi ile, na kila nilipofika tena baadaye nilikuta vizibo vya magunzi vimelowa, dalili pekee niliyoiamini.

Sasa nimestaafu, naishi Ipogolo, Iringa. Karamuni bado huniletea beseni, mimi kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nalirudisha. Naomba birika, naomba maji yamiminwe, na naomba waanzie upande wa watoto. Wapo wanaosema mzee ana maringo. Waseme. Mimi hungoja kwenye kiti changu mpaka zamu inifikie, na maji yanaponifikia, huwa safi kama yalivyokuwa kwa mtoto wa kwanza.