Fundi Vioo na Mlima Unaonguruma

Kukoroma nako kuna daraja zake, jamani. Kuna kule kwa kitoto, unageuka upande unaendelea na usingizi wako. Halafu kuna kule kwa fundi vioo. Mchana sauti yake huisikii: anakwaruza kioo, anakigonga kidogo, kinakatika, hana maneno na mtu. Lakini akilala! Jirani wa ghorofa ya juu aliwahi kushuka kuuliza ni mashine gani inawashwa humo ndani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mkewe alizoea, akanyamaza.

Asiyejua alikuwa mama mkwe, na fundi aliapa hatajua kamwe. Mwanamume gani akorome kama trekta mbele ya mama mzaa chema? Ndiyo maana tangu aoe hajawahi kulala naye nyumba moja. Wakienda kumsalimia, jua likianza kuinama tu, fundi anakumbuka kioo cha mteja. Hata msiba wa baba mkwe ulipotokea, alilala kwa rafiki.

Sasa mkewe akaja na habari ya likizo: pwani ya kaskazini, kwenye mlima wa volkano, mchanga mweusi na chemchemi za maji moto. "Magoti yanamsumbua Mama, yale maji yatamfaa. Nimepata nyumba nzuri ya vyumba viwili. Kimoja chetu, cha pili chake."

Fundi akaanza: kazi ni nyingi. Mkewe akasema karakana ifungwe. Je, mlima ukilipuka? "Watu wanaishi pale na wajukuu zao, wewe wa siku chache ndio ukulipukie?" Njia ya mwongo fupi, ya kwake haikufika hata mlangoni.

Jumamosi mama mkwe akaja wapange safari. Alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani, akamtazama fundi, akasema polepole, "Baba, kama ni mimi ninayekukera, nendeni wenyewe. Miaka yote hii naona unavyonikimbia. Mimi si mtoto."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Anampenda yule mama, tena sana, na leo mama mwenyewe anaamini amechukiwa. Kabla hajafungua mdomo, simu ikaita: mwenye nyumba wa huko pwani. Mkewe akaongeza sauti wote wasikie.

"Dada, sitaki lawama baadaye," mwenye nyumba alisema. "Hapa ni karibu na mlima. Hauna madhara, ila usiku kucha unanguruma, madirisha yanacheza. Wageni wengine wanahama kesho yake. Ukipenda ninayo nyingine, iko mbali na mlima, kimya kabisa."

"Afadhali hiyo ya..." mkewe alianza.

"Hiyo ya karibu na mlima!" Fundi na mama mkwe walidakia pamoja.

Mkewe akawatazama kama watu waliolishwa kitu. Fundi alishusha pumzi ya miaka, na kwa ile furaha ya kuokoka maneno yakamtoka yenyewe. "Mama, sikukimbii wewe. Nakoroma! Nakoroma vibaya mno, nikaona aibu. Mlima ukinguruma hutanisikia."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Mama."

"Mwongo wewe."

"Si mwongo," mkewe alisema. "Shahidi ni mimi, kila siku ya Mungu."

Yule mama akacheka mpaka mkoba ukaanguka. Akavua miwani afute macho, na alipoendelea kuyafuta hakuwa akicheka tena.

"Baba yenu alikuwa akikoroma mpaka sufuria zinalia," alisema. "Maisha yangu yote nilimpiga viwiko. Tangu aondoke, nyumba imekuwa kimya mno, usingizi hauji. Huyu wa kwenye simu aliposema mlima unanguruma, nikajua huko nitalala."

Mwenye nyumba, huko aliko, alikuwa bado kwenye simu, ametulia kama mtu aliyesikia yasiyomhusu. Mama mkwe akainama kuelekea simu.

"Mwanangu, hiyo nyumba nyingine, ya kimya. Kuta zake nene?"

"Hapana, Mama, nisikudanganye. Ni mbao tu, tena nyembamba."

"Basi tupe hiyo," akasema. "Na kitanda cha mkwe wangu kisogezwe upande wangu."