Mavi ya Chuma Mezani kwa Mtendaji

Nilikuwa ofisi ya kata, Kasulu, nikisubiri sahihi ya mtendaji, mhadhiri wa chuo kikuu alipomwonyesha mama mmoja shamba lake kwenye kompyuta. Pale mababu waliyeyusha chuma. Tamasha la sanaa ya kidijitali lingeuwasha upya moto ule kwenye skrini.

“Hatuchukui kitu, mama. Picha tu.”

“Wa barabara nao walisema picha tu. Nyumba yangu ikaamkia X nyekundu ya kubomolewa.”

Kesho yake, sahihi ikiwa bado, nilimkuta mama akimwaga mezani kiroba cha mavi ya chuma, masalia ya uyeyushaji ule.

“Nimeyachimbua yote. Yapigieni picha hapa.”

Mhadhiri akashika kichwa: yalikuwa na maana yakiwa ardhini, pale yalipoachwa. Mama akamgeukia mtendaji: “Niandikie, mwanangu: shambani kwangu hakuna kitu.”

Mtendaji akaandika, akagonga muhuri. Sasa serikali ina hati rasmi kuhusu historia ya chuma katika kata ile.