Kerneli Niliyoijenga Butembo

Laiti ningemwambia dada yangu mdogo aiache mashine yake, kompyuta ya kibandani, kama ilivyokuwa. Ilichelewa kuamka, lakini ilichapa. Kibanda chake cha fotokopi, kule Beu mjini Beni, ndicho kilichomlisha na watoto wake, na msimu wa kuchapa bulletini za shule, yaani ripoti za wanafunzi, ulikuwa unakaribia. Aliponiomba niiharakishe, nilikubali. Nikaamua kumjengea kerneli mpya, yaani kiini cha Linux kinachoiamsha mashine.

Niliijenga nyumbani Butembo, ambako umeme ulikuwa na nafuu. Ili iwe nyepesi, niliiamuru ibakize tu madereva yanayotumika, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa. Yanayotumika kwenye mashine ipi? Sikujiuliza.

Nilipofika Beni, sehemu ya kuwashia kwenye diski ilikataa: imejaa. Nikafuta kerneli ya zamani ili mpya ienee. Mimi, mtu mzima! Nikawasha. Ikaandika „kernel panic", yaani kerneli imeshikwa na hofu, na kukwama hapo.

„Yaya, ile masini njo inaogopa, ao ni miye?" akauliza dada, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

Nikaiwasha kwa flash yangu, nikanakili upya faili ya kerneli. Panic. Nikaunda upya faili inayobeba madereva ya kwanza. Panic ileile! Mwalimu mmoja akachungulia na karatasi zake: „Mama, masini yako iko mu congé?" Dada akacheka kidogo kwa wazo la mashine kwenda likizo. Mimi sikucheka.

Mwishowe nikaelewa: kerneli ilibeba dereva la diski ya mashine yangu ya Butembo. La diski yake halikuwemo.

„Basi urudishe tu ile ya zamani, yaya. Batu ya masomo beko banakuya." Walimu walikuwa wanakuja kweli.

„Hapana, dada. Niko najenga ingine, itapita ile."

Flash ile mfukoni ilikuwa pia ya kusakinisha mfumo wote upya. Ingeifufua mashine siku hiyohiyo, lakini ningekuwa nimekubali kushindwa. Nikarudi nayo Butembo.

Kerneli ya pili ilikuwa tayari watu waliposhambuliwa barabarani, na njia ya Beni ikafungwa. Ilipofunguliwa, shule zilikuwa zimempelekea jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye kibanda kingine cha fotokopi, bulletini zote, na hazikurudi tena kwa dada.

Dada alifunga kibanda. Sasa analima viazi kijijini Kipese, na mgongo unamsumbua. Simu zangu hapokei. Nilipokwenda kumsalimu, nilisimama uani mpaka nikachoka, na mlango haukufunguliwa.