Akko Sabdio Alivyomfunga Fisi kwa Kisu Changu

Kwanza niseme wazi kwamba kile kisu kilikuwa changu. Siku hizi watu wa mtaa wetu wa Bulla Pesa wakikisimulia kisa hiki husema "kisu cha Akko Sabdio", kana kwamba alizaliwa nacho. Mimi ndimi Mawira, muuza miraa, mwenye kibanda cha mabati ya buluu, na kisu hicho cha kukunja nilikinunua mjini Maua kwa jasho langu. Ndicho ninachokatia kamba za mgomba miraa inaposhuka mchana. Bila kisu mimi ni mtu aliyesimama tu kando ya majani.

Akko ni jirani yangu wa upande wa kushoto. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na soko zima humwita hivyo, hata wazee wanaomzidi umri. Anauza chai na maziwa ya ngamia yanayoletwa kutoka Kulamawe kwa mitungi ya manjano. Tumegombana kila siku ya Mungu kwa miaka miwili. Mimi husema maziwa yake yananuka moshi, yeye hunijibu kwamba moshi wa mitungi ndio dawa, na kwamba miraa yangu imeharibu wanaume wa Isiolo kwa maneno mengi. Tukimaliza, hunimiminia kikombe na mimi nakunywa.

Kabla ya ukame ule mrefu, Akko alikuwa na ng'ombe arobaini na mume mmoja. Ng'ombe walikwisha wote katika miezi minane. Ganya, mumewe, aliwafuata baada ya Idi. Daktari alisema ni moyo, Akko husema ni kuamka kila asubuhi na kutazama zizi tupu. Akaja mjini na sufuria, msala na redio isiyo na betri, akapanga chumba kimoja nyuma ya soko.

Waborana wana desturi yao inayoitwa busa gonofa. Mtu akiishiwa na mifugo, ukoo wake hukaa chini, mwenye nacho akatoa, na yule fukara akaondoka na mnyama wa kuanzia. Ukoo wa Akko ulikaa mara mbili bila mtu kusimama, maana ukame haukubagua. Mara ya tatu alisimama Mzee Huqa, anayekaa mbele ya Kulamawe, akatoa mtamba mmoja wa ngamia. Mnyama wa namna hiyo si mnyama tu. Ukimpokea umekubali undugu, na ukimrudisha umemtemea mate aliyekupa.

Ngamia huyo alikaa Kulamawe na Jirma, mtoto wa dadake Akko, ambaye ni mchungaji. Mimi nilimpa jina la Malkia, kwa jinsi alivyotazama watu kwa dharau kwenye picha za simu. Mwaka huu Malkia alikuwa na mimba ya kwanza, karibu kuzaa. Akizaa tu, Akko angeacha kuuza maziwa ya watu aanze kuuza ya kwake. Alikuwa ameshanunua hata mitungi mipya.

Basi Jumanne moja asubuhi simu ya Akko ikalia. Niliona uso wake ukibadilika nikaacha kazi. Malkia hakurudi kutoka malishoni jana jioni. Upepo ulikuwa umefuta nyayo, na Jirma alikuwa ameona alama za fisi karibu na lugga, ule mto mkavu.

Akko hakulia. Alinyoosha mkono juu ya meza yangu, akanipokonya kisu.

"Hiyo kisu lete."

"Akko, niko nayo kazi!"

Akaisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, macho kafumba, akapuliza juu ya kisu, kisha akakikunja, tak! Akakitumbukiza kifuani ndani ya nguo.

"Mdomo ya fisi imefungwa," akasema. "Mpaka ngamia ipatikane, hakuna mtu atafungua."

Ndivyo wafugaji wa huku hufanya mnyama akipotea: unaomba, unafunga kisu, na kikifunguliwa kabla ya wakati basi mdomo wa fisi nao unafunguka. Utamwambiaje mama mzee akutolee kitu kifuani, tena kitu kinachomzuia fisi?

Mchana miraa ikashuka nikakata kamba kwa meno. Siku ya pili nikanunua kisu kingine kibandani, makali yake yakabaki kwenye kamba na mpini ukabaki mkononi. Wateja wakacheka. Mmoja akaniuliza kama nimeolewa na Akko, maana vitu vyangu vimehamia kwake.

Siku hiyo hiyo Ustadh Abdisamad alipita kunywa chai. Ni mtu mpole, lakini akiona kosa halali nalo. Akamwambia Akko kwamba dua ni sawa kabisa, kisu hakina kazi yoyote.

"Na mimi sijaomba kisu, Ustadh. Nimeomba Mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi," nikadakia. "Na nakitaka."

Ustadh alicheka mpaka chai ikamwagika. Akko hakucheka.

Jioni Jirma akapiga tena. Hajaona kitu. Akasema ngamia akikaribia kuzaa wakati mwingine hurudi mahali alikozaliwa, labda ampigie Mzee Huqa amuulize. Akko aliruka kana kwamba amekanyaga makaa.

"Usithubutu! Utaambia mtu zawadi yake imeliwa na fisi? Huqa atasema alinipa bure. Aibu hiyo nitaficha wapi?"

Wakakubaliana kwamba Jirma aende kwa siri mpaka kisima anachonyweshea Huqa, ajifiche, atazame. Jirma akatembea nusu siku, akajikunja nyuma ya kichaka na urefu wake wote ule, akatazama ngamia wakinywa mpaka wa mwisho. Malkia hakuwepo. Basi tumaini hilo nalo likafa.

Usidhani Akko alikuwa ametulia kwa sababu ana imani. Alikuwa na imani na hakuwa ametulia. Ukuta kati ya vibanda vyetu ni bati moja, na kila baada ya swala nilimsikia akizungumza na Mungu kwa sauti ya mtu aliyemkuta mwenye nyumba mlangoni.

"Ya Rabbi, unanijua. Ng'ombe arobaini ulichukua, nilisema kitu? Ganya ulichukua, nilisema kidogo tu. Hii moja niachie. Hii moja. Wewe ndiye uliitoa, si Huqa. Sasa unataka nikae hapa mbele ya watu niwe nini?"

Mimi ni Mkristo wa kubatizwa, ingawa kanisa lilikuwa limeanza kusahau sura yangu. Sikuwahi kusikia mtu akimwambia Mungu mambo hayo waziwazi, halafu amalize kwa "alhamdulillahi" na kuwasha jiko. Nilikuwa nikifikiri ukimtegemea Mungu unakuwa mpole. Akko alimtegemea huku amemkaba koo.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, jiko baridi, maziwa ya watu yamefunikwa. Hakunisalimu hata kwa tusi. Nikaogopa kwa kweli.

"Akko, umeomba leo?"

"Nimechoka kuomba, Mawira. Sina maneno tena."

"Sasa?"

"Sasa nimekaa. Yeye anajua mimi niko hapa."

Machozi yakamtoka bila uso kujikunja. Nikamwashia jiko, nikaunguza vidole, akanionyesha kwa mkono kwamba makaa nimeyapanga vibaya. Kisha nikafunga kibanda, nikavaa shati lenye kola, nikaenda kanisani.

Mchungaji alipouliza nani ana ombi, nikasimama. Nikasema namwombea Malkia, aliyepotea siku tano akiwa mjamzito. Kanisa zima likashika moyo. Mchungaji akaniuliza kwa huruma ni nani wangu.

"Ni ngamia wa jirani," nikasema. Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka. Nikaona nimeshafika mbali, nikaendelea mpaka mwisho: ukame, Ganya, kisu, kila kitu. Kicheko kikaisha polepole. Wakaomba, na mama mmoja wa safu ya mbele aliwakemea fisi wa Kulamawe kwa nguvu ambayo nadhani waliisikia.

Jumatatu, saa nne hivi, gari la probox lilisimama mbele ya vibanda vyetu akashuka mzee mrefu, fimbo mkononi, nguo zake vumbi tupu. Akasimama mbele ya Akko. Akatoa salaam aleikum kavu, bila zile habari za watoto na mvua na mifugo ambazo kwa kawaida huchukua robo saa.

"Sabdio," akasema, "mimi nilikukosea nini?"

Akko akainuka. Nikamwona anajiandaa. "Mzee Huqa, nisamehe. Si mimi nilitaka. Ni Mungu."

"Usisingizie Mungu! Kama hukutaka ngamia yangu ungesema siku ile mbele ya ukoo. Leo miaka miwili unairudisha porini peke yake, bila hata mtu wa kuisindikiza?"

Mimi nilikuwa na kitita cha miraa mkononi nikakiweka chini.

"Ngamia iko kwako?" Akko akauliza, sauti ndogo sana.

"Iko kwangu tangu Jumanne alfajiri! Imefika mlangoni ikazaa hapo hapo, fisi wanalia huku na huku. Nimeifungia uani na mtoto. Nikangoja uniletee neno. Hujaleta. Nimeswali nikimwuliza Mungu nimemfanyia nini dada yangu. Hata Jirma nilimwona kisimani amejificha nyuma ya kichaka, miguu yote iko nje. Nikajua mmepanga. Amekuja kutazama kama nimekubali."

Nilianza kucheka, siwezi kukataa. Nikacheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda. Siku sita watu wawili wamelia mbele ya Mungu kwa ajili ya ngamia mmoja, mmoja kwa kumkosa na mwingine kwa kuwa naye, na simu wanazo wote wawili. Heshima ndiyo iliyowafunga midomo, wala si fisi.

Akko hakucheka mwanzoni. Aliketi chini kwenye vumbi kama alivyo, akainama, paji la uso mpaka ardhini, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na mchanga kwenye nyusi na alikuwa anacheka na kulia pamoja. Akamweleza Mzee Huqa nusu ya mambo, nami nikaeleza nusu, na mzee akawa anajipiga paja kila tukifika mahali pa Jirma. Katikati ya maneno Akko akatia mkono kifuani, akanirushia kisu bila hata kunitazama. Jasho lilikuwa limekitia kutu, nikakifungua kwa meno.

Chai ikapikwa. Mzee Huqa akakaa kwenye benchi langu, maana la Akko ni fupi. Akasema mtoto ni jike, mwekundu, na ananyonya vizuri.

"Ngamia wako wamebaki wangapi?" Akko akauliza.

Swali hilo mfugaji haulizwi. Mzee aligeuza kikombe mkononi, akatazama barabara.

"Wawili," akasema.

"Na siku ile ulisimama ukanipa?"

"Watatu."

"Mimi nilidhani una kundi."

"Wote walidhani."

Akko akachukua kitambaa akapangusa meza ambayo ilikuwa safi.

"Mama na mtoto watarudi kwa Jirma," akasema. "Malkia ni yangu, ulinipa, na maziwa yake nitauza hapa. Lakini huyo mdogo, akiacha kunyonya, ni wako."

Mzee akasimama, fimbo ikaanguka. "Ndiyo hiyo hiyo, Sabdio! Unanirudishia tena!"

"Sirudishi! Huyo mdogo si wewe ulinipa. Huyo nimepewa na Mungu, na mimi natoa." Akaiokota fimbo, akaiegemeza kwenye benchi. "Miaka minne, Huqa. Miaka minne napokea. Napokea unga, napokea nguo, napokea pole. Sijapa mtu hata mbuzi. Usinikatalie."

Mzee Huqa alisimama hapo, macho yamelowa, huku dereva wa probox akipiga honi. Kisha akafungua viganja vyote viwili mbele yake.

"Nimepokea," akasema.