Chumba cha Ukaguzi na Gramu Nisizokuwa Nazo

Nilipanda ndege kwa sababu ya mgongo, na mgongo ndiyo habari ambayo sikutaka mtu aijue. Umepinda tangu utotoni. Ndani ya nguo navaa mkanda mgumu wenye pau za chuma, kuanzia chini ya makwapa hadi kiunoni, na daktari wa Dar es Salaam huutazama mara kwa mara na kuurekebisha. Kukaa ndani ya basi kutoka Bugarama hadi Dar kwa mgongo kama huu ni kifungo, kwa hiyo nikadunduliza mpaka nikapata nauli ya ndege. Waliojua habari za mkanda ni mama yangu na mchumba wangu, Masanja. Mama yake Masanja, mkulima wa tumbaku kule Ushetu, hakujua, nami niliapa asijue mpaka ndoa ifungwe. Mahari ilikuwa bado inazungumzwa. Nani atatoa ng'ombe wake kwa mkwe asiyeweza kuinama shambani?

Bugarama, siku za maandalizi. Mimi ni fundi cherehani niliyejifundisha mwenyewe kwa video za simu, na nakiri kwamba nina ugonjwa wa kufumua. Mshono ukienda upande, nafumua. Ukinyooka, nafumua pia, nione kama utanyooka tena. Gauni la safari nililifumua mpaka kitambaa kikaomba radhi. Lilipokamilika, hakuna ambaye angedhani kuna chuma chini yake.

Kisha nikajifundisha haki za abiria, kwa simu ile ile. Nikasoma kwamba abiria anaweza kuomba akaguliwe chumbani, mbali na macho ya watu, na mkaguzi wa jinsia yake. Nikatunga sentensi na kuisema mbele ya kioo: “Samahani afisa, nina kifaa cha tiba mwilini, naomba nikaguliwe faragha na afisa wa kike.” Nikaifumua. Kwenye foleni kuna masikio, na maneno “kifaa cha tiba” yangefika Ushetu kabla yangu. Nikayatoa. Sentensi iliyobaki ilikuwa fupi na safi, na niliipenda sana. Ndiyo iliyoniangamiza.

Kahama, kwa wakala wa tiketi. Dada wa dirishani alisoma jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa na namba yangu ya simu kwa sauti ya kutangazia mnada. Kisha akauliza, “Unaenda kufanya nini Dar?”

“Kutembea.”

“Kutembea kwa ndege?” akauliza baba mmoja aliyekaa kwenye benchi, na benchi zima likacheka. Niliondoka nikitakiwa safari njema na watu nisiowajua, ambao sasa walijua nina umri gani na kwamba sijasema naenda kufanya nini hasa.

Uwanja wa ndege. Sitautaja jina, maana nao una haki ya faragha. Nilipofika kwenye lango la ukaguzi, mashine ikalia. Afisa wa kiume akanitazama gauni. Nikasema sentensi yangu bila kukosea hata herufi: “Samahani afisa, naomba nikaguliwe faragha na afisa wa kike.”

Yule afisa akaniuliza nimetoka wapi, nikamjibu, akageuka na kuita hadi upande wa pili wa ukumbi: “Rehema, njoo. Kuna dada ametoka Bugarama anataka akaguliwe chumbani.”

Mnaokaa mbali na machimbo hamwezi kuelewa kilichotokea. Foleni nzima ilinigeukia. Huku kwetu mtu wa Bugarama anayepanda ndege tayari anashukiwa kuwa na dhahabu. Akiomba chumba, shaka zimekwisha.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya maji ya chupa, na mlango wake ulikuwa pazia lililoishia magotini. Nilifungua vifungo nilivyovishona kwa uchungu wote ule. Katikati ya kazi, mkono wa mwanaume ukapenya pazia ukitafuta chupa ya chai. “Toa mkono,” Rehema akasema, na mkono ukaondoka bila chai. Alipouona mkanda aliniambia pole kwa upole wa kweli, akagonga zile pau, akanifunga vifungo. Kisha akatoka na kusema kwa sauti ya chini, ili kunisitiri, “Hana kitu. Mwacheni.”

Watu walisikia ile sauti ya chini wakaielewa wanavyojua wao. Mmoja nyuma yangu akanong'ona, “Ameshamkatia.” Nikapita nikiwa mtoa rushwa.

Angani. Siti ya pembeni yangu alikaa mama mnene mwenye kilemba cha zambarau, mnunuzi wa dhahabu wa Runzewe, aliyejitambulisha kama Mama Kulwa. Nikamwamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Gramu ngapi?”

“Sina dhahabu, mama.”

“Vizuri. Hivyo hivyo ndivyo inavyosemwa.” Akanipiga kofi dogo pajani. “Ila wewe mgeni kwenye kazi. Faragha haiombwi hata siku moja. Unapita unacheka nao, unawauliza habari za watoto. Ukiomba chumba unajichongea.”

Nikageukia simu yangu. Naye akaigeukia. Nilipokuwa nasoma ujumbe wa Masanja, yeye alimaliza kabla yangu. “Masanja ndiye nani?”

Hapa nakiri jambo la aibu. Ningeweza kunyamaza. Lakini nimelelewa kwamba mkubwa akiuliza, mdogo anajibu, na mimi hupenda kupata alama zote hata kwenye adabu. Nikamjibu: mchumba. Wa wapi? Ushetu. Wa nani? Wa Mama Masanja, mwenye mabani ya kukaushia tumbaku karibu na kanisa.

“Yule? Tumeimba naye kwaya,” akasema Mama Kulwa kwa furaha. Wakaguzi na mashine zao hawakuipata habari hiyo. Mimi niliikabidhi kwa heshima zote, juu ya mawingu, kabla hata juisi haijaletwa.

Dar es Salaam. Daktari alirekebisha mkanda, akasema mgongo unaendelea vizuri. Nilipotoka kwake Masanja akapiga simu.

“Milembe, umebeba nini huko?”

“Kubeba nini?”

“Mama amepigiwa simu. Anasema mkwe wake amevusha mzigo kiunoni. Kwaya nzima inajua.” Akashusha sauti. “Sicheki. Watu wanasema unarudi na hela za mauzo. Unajua mtu wa namna hiyo anavyosubiriwa njiani. Mama anakuja kukupokea na wadogo zangu wawili, na fimbo za kukulinda.”

Nikakaa chini, wima, kama ninavyokaa siku zote. Nikisema ukweli, mama mkwe ataujua mgongo na huenda ng'ombe wakabaki zizini kwao. Nisiposema, nitasubiriwa njiani kwa ajili ya hela ambazo hazipo. Nilifumua na kushona jambo hilo kichwani mpaka nikachoka, na kuchoka kwenyewe kukaniamulia. Asubuhi ya kurudi niliuvaa mkanda juu ya gauni.

Dar, siku ya kurudi. Nilifika langoni pau zote zikimeta. Afisa wa kike akanijia haraka. “Karibu chumbani, dada, ni haki yako.” Chumba kilikuwa na mlango, komeo na kiti. Akaniomba ruhusa kabla ya kunigusa. Siku nilipokuwa sina tena cha kuficha ndipo nilipofichwa vizuri, na nilitoa machozi kidogo, nusu ya shukrani na nusu ya hasira.

Nyumbani, nje ya uwanja. Mama Masanja alikuwa amesimama katikati ya wanawe. Nikapiga magoti kumwamkia. Akautazama mkanda, akaugonga kwa kidole.

“Ndiyo dhahabu yenyewe hii?”

“Ndiyo hii tu, mama. Mgongo wangu umepinda. Nilikuficha. Kama ni ng'ombe, mna haki ya kughairi.”

“Simama, mayu, mwanangu, unajiumiza.” Akaninyanyua mwenyewe. “Mgongo wako niliujua siku ya kwanza ulipokuja kwangu. Binti anayepiga magoti bila kuinama ana kiburi au ana mgongo. Nikamuuliza Masanja, akatazama chini. Sasa mimi nahesabia watu ng'ombe kwa kuinama? Tumbaku tunakodi vibarua.”

Siri niliyoishonea gauni zima ilikuwa inajulikana Ushetu tangu posa. Kilichoaminiwa na kila mtu ni kile ambacho hakikuwepo. Nimejifunza kwamba mtu asipopewa mlango wa kufunga, wenzake humtungia cha kuficha; kwa hiyo nitaendelea kuuomba kila safari, na maneno “kifaa cha tiba” nimeyarudisha kwenye sentensi.

Nilikuwa bado nafuta machozi ya shukrani Mama Masanja alipowatuma wanawe wakanunue maji. Alisubiri mpaka wakawa mbali. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanivuta nyuma ya gari, akanisogezea sikio. Tangu nianze safari, hakuna aliyekuwa amenipa faragha safi kama ile.

“Sasa tuko wawili tu, mwanangu,” akasema. “Gramu ngapi?”