Mwaka wa Karatasi za Karanga

Mkaza mwanangu kaamua kuwasomesha wanawe nyumbani mwaka huu. Juzi nimefika kwake nikakuta meza ya chakula haionekani kwa makaratasi: mtaala aliouchapisha kutoka mtandaoni, ratiba ya rangi tano, kalamu za kila namna, na mwenyewe kajishika kichwa. "Mama, sijui nianzie wapi," akaniambia. Nikacheka mpaka akaudhika. Ilibidi nimwombe radhi, nivue ushungi, nikae, nimweleze kwamba mie nilimwona mtu akiandaa mwaka mzima wa masomo kwa karatasi za kufungia karanga, na maandishi yenyewe hajui kuyasoma. Hakuniamini. Na wewe pengine hutaniamini, lakini jimiminie chai unisikilize.

Nilikuwa na miaka tisa, nakaa na bibi yangu mzaa mama pale Nguvumali, kwa sababu wazazi wangu walikuwa Mwera ya Pangani wakihangaika na minazi. Ilikuwa miaka ile ya dhiki, unaikumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na ule unga wa njano tuliousema vibaya tukiula, kesho yake tukaupangia foleni tena. Shuleni daftari moja lilikatwa kwa kisu likawa mawili. Basi mwezi wa kumi na mbili, nimeshamaliza darasa la pili, natoka bombani na ndoo kichwani, nikateleza nikavunjika paja. Mfupa ukaunga vibaya, hospitali wakauvunja upya, nikafungwa plasta kuanzia kiunoni. Wakasema mwaka mzima nisitoke.

Bibi alivaa baibui akaenda kwa mwalimu mkuu. Alirudi na maneno mawili. La kwanza, mtoto aliyekosa mwaka atarudi alikoishia, maana yake mie ningeingia la tatu wenzangu wakiwa la nne. La pili, ikiwa Januari ijayo nitapelekwa mbele yake, akanipima mwenyewe, akaona mambo ya la tatu nayajua, atanipandisha na wenzangu. Wewe ulisoma na wenzako, unajua. Ningekuwa jitu zima linachechemea kati ya watoto wadogo, na jina wangenipa siku ile ile ya kwanza. Nilijifunika shuka nikalia. Bibi akaniacha nilie, halafu akasema, "Basi tutasoma hapa hapa," kwa sauti ile ile ambayo angesema tutapika wali.

Bibi yangu alisoma chuoni. Kurani aliikhitimu akiwa binti mdogo, na barua zake aliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mwandiko wa kupendeza. Herufi za shule hakuzijua. Tarakimu alizijua kwa ajili ya biashara, basi. Walipokuja watu wa kisomo cha watu wazima alijifungia jikoni akawapigia kelele dirishani kwamba yeye kusoma anajua, ila wao ndio hawajui anachosoma. Biashara yake ilikuwa karanga na bajia, na karatasi za kufungia alizipata kwa baba mmoja wa Kihindi mwenye duka la kona, Mwislamu mwenzetu, aliyekuwa akinunua madaftari yaliyokwisha na kuwauzia wachuuzi kwa mizani. Bibi alimwomba amtengee ya darasa la tatu tupu. Yule baba akayatenga, akang'oa majalada maana alikuwa na kazi nayo, akatuletea mzigo mwenyewe mpaka mlangoni. Bibi akampa bajia za moto.

Sasa mwone bibi anavyoandaa mtaala. Alitandika mkeka kando ya kitanda changu ili na mie nione, akayamwaga madaftari yote, akaanza kuyakagua kwa kufuata wino mwekundu wa walimu. Maneno hakuyajua, lakini vema aliijua na kosa alilijua. Daftari lenye makosa mengi lilikwenda kwenye karanga moja kwa moja. Lenye vema nyingi lilibaki. Mwisho yakabaki madaftari matatu ya mwandiko mmoja, ya hesabu, ya Kiswahili na ya maarifa, yote yamejaa vema tangu mwanzo hadi mwisho. "Huyu ndiye tutakayemfuata," akasema. Mwanafunzi yule sikumjua wala sitamjua, ila mpaka leo naweza kukuandikia herufi yake ya k.

Alichomoa pini, akakata mkunjo kwa kisu, akazitoa karatasi mojamoja, akazifunga mafungu mafungu kwa kamba ya katani, akayapanga kwenye kapu mvunguni mwa kitanda. Kisha akapasua boksi la sabuni akaandika ratiba kwa mkaa, kwa herufi zake, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka wetu ulianza Mfunguo Saba, mwezi wa Kiislamu ulioangukia Januari ile. Ramadhani ilikuwa likizo, kwa kuwa mwalimu ana vitumbua vya kupika, na masomo yangekwisha kwa Maulidi. Alhamisi mchana na Ijumaa hatusomi, Jumamosi na Jumapili tunasoma kama kawaida. Majirani walikuja kuitazama wakasema mashaallah, na bibi hakukana sifa hata moja.

Asubuhi, baada ya kunisafisha na kuninywesha uji, alivuta fungu la siku. Nilisoma kwa sauti. Kisha yeye akafunika majibu kwa kiganja, mie nikafanya hesabu kwenye ubao mdogo wa chaki, naye akaweka ubao wangu ubavuni mwa karatasi akalinganisha tarakimu kwa tarakimu. Kwenye imla vivyo hivyo: nilisoma sentensi, nikaiandika bila kutazama, na bibi akapitisha kidole herufi moja hadi nyingine, kama fundi anayepima kanzu mbili ziwe sawa. Herufi ikikosa mkia aliiona. Vema alinichorea kwa kipande cha tofali, na kosa vilevile, wala hakuwa na huruma. Nikisema ni kosa dogo aliniambia, "Mke mwenzangu, hapa hapana dogo. Rudia."

Lakini yale masomo yalikuwa magumu, wallahi. Siku ya kwanza tu nakutana na kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili, na sehemu, na insha ya ukurasa mzima. Nikaanza kujiona mjinga. Wiki ya pili ndipo nilipotazama vizuri pembe ya juu ya karatasi, yule mwanafunzi alipokuwa akiandika siku na mwezi kwa maneno. Fungu la kwanza Novemba. La pili Novemba. La tatu linaingia Oktoba. Halafu nikaona hata somo lenyewe linaanzia nyuma ya karatasi na kumalizikia mbele. Nikaelewa. Bibi alilifungua daftari kama anavyofungua msahafu, kwa upande wake. Mwanzo wetu ulikuwa mwisho wa mwenzetu.

Sikuwa mtoto mpole, usije ukanidhania. Nilikuwa na mdomo, na mdomo huo umeniponza mara nyingi. Lakini hilo lilinishinda kulisema. Huyu mwanamke ananiogesha kitandani, ananigeuza ubavu kwa ubavu nisipate vidonda, mtaa mzima unamwita kumpongeza, mie nimwambie kwamba ratiba yake imepinduka kwa sababu hajui kusoma? Na nisiposema nishindwe Januari? Nilikaa na hilo neno siku tatu.

Siku ya nne, bibi alipotoka baada ya alasiri na sinia lake la bajia, nikanyoosha mkono mvunguni nikatoa fungu la mwisho kabisa. Januari. Kujumlisha kwa kubeba, rahisi, tena kwa raha zangu. Nikalisoma, nikalifunga, nikalirudisha. Tangu hapo nikawa na shule mbili. Asubuhi nilisoma ya bibi inayorudi nyuma, jioni yangu inayokwenda mbele, na mvuke wa mafuta ya bajia bado haujatoka chumbani. Yaliyonishinda asubuhi nilianza kuyaelewa jioni. Karibu na Ramadhani shule zote mbili zilikutana, mwezi wa Juni kwenye daftari la yule mwenzetu, na siku ile bibi hakupata pa kuchora kosa.

Ila alinikamata. Mwezi wa Rajabu aliinua fungu la mwisho akaligeuza, akasema fundo lile si lake. Bibi akanitazama, akatabasamu, akalirudisha kapuni. Jioni nikamsikia barazani akiwaambia majirani kwamba mjukuu wake hana subira, kaanza kusoma mafungu ya mwisho wa mwaka, yale magumu kuliko yote, peke yake, bila mwalimu. Nikavuta shuka mpaka usoni kwa aibu. Na baada ya Idi, kila siku masomo yakizidi kuwa mepesi, yeye aliona ni akili yangu inayofunguka, akawa anasimama kwenye ratiba yake mikono kiunoni, ameridhika. Mie nilifurahi kumwona hivyo, na nilizidi kuogopa.

Januari ikafika. Plasta imeshatoka, natembea na gongo. Bibi alinivisha sare iliyofupika, akavaa kanga yake ya Idi, na juu ya kichwa akajitwika lile kapu na mafungu yote. Nikamsihi aliache nyumbani. Akasema mwalimu lazima aone kazi ya mwalimu mwenzake. Ndipo hofu yangu ilipogeuka. Njiani sikuwaza tena hesabu, niliwaza kapu tu.

Tulipoingia ofisini mwalimu mkuu alisimama akamwamkia, "Shikamoo, bibi," na walimu wengine wawili waliokuwepo wakafanya vivyo hivyo. Bibi akalitua kapu mezani, akaeleza mwaka wake kuanzia Mfunguo Saba hadi Maulidi. Yule mwalimu alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, na tulimwogopa kuliko jini. Akafungua fungu la kwanza. Akasoma pembe ya juu. Akafungua la pili. Akaruka mpaka la katikati, kisha la mwisho, taratibu, na pale la mwisho akakaa nalo. Halafu akainua macho akanitazama mie, si bibi. Nilitikisa kichwa kidogo sana, hivi, kumwomba. Akaishusha miwani, akalifunga lile fungu kwa kamba yake, akanipa chaki.

Alinipima muda mrefu. Kujumlisha, kugawanya, sehemu, imla ya mistari kumi, majina ya mazao na mikoa yake. Nilisimama kwa gongo mkono wa kushoto, nikaandika kwa wa kulia. Niliyajua, rafiki yangu. Niliyajua mbele na nyuma. Alipoishiwa maswali alipangusa ubao mwenyewe, akaandika jina langu kwenye orodha ya darasa la nne. Kisha akamgeukia bibi, mbele ya wale walimu wawili, akasema polepole, "Mpangilio huu sijapata kuuona popote. Ahsante sana, mwalimu."

Bibi alijitwika kapu lake, tukarudi nyumbani. Kesho yake mafungu yakafunguliwa, karanga zikafungwa. Mwaka wangu mzima uliliwa na watoto wa mtaa kabla mwezi haujaisha, na sikubakiwa na karatasi hata moja.

Miaka ikapita. Foleni zikaisha, maduka yakajaa, karanga zikaanza kufungwa kwenye plastiki. Mie nikawa mwalimu, nikapangiwa Kigombe, nikawa nakuja Nguvumali kila likizo. Likizo moja bibi, macho yameshaanza kuchoka, aliniambia nimfundishe hizi herufi zenu. Alikuwa akichoka kuuliza kila kopo lililoko dukani siku hizi ndani yake mna nini. Nikamletea kitabu cha darasa la kwanza. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akakifungua kwa nyuma. Nikakigeuza mikononi mwake bila kufikiri, kama ninavyowageuzia watoto darasani.

Bibi akaganda. Akatazama kitabu, akakifunga, akakifungua tena kwa upande huu, tena kwa upande ule. Niliuona mwaka ule wote ukimpitia usoni.

"Na yale mafungu?" akauliza.

"Yalikuwa hivyo hivyo, bibi."

"Na wewe ukajua."

"Wiki ya pili."

Nikaanza kusema maneno mengi, kwamba nilikuwa mdogo, kwamba bila yeye nisingefika popote, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Na yule mwalimu mkuu?"

"Alijua. Alijua kabla hajanipa chaki."

Hapo machozi yakamtoka bibi yangu, ambaye hata kwenye maziko ya mumewe watu hawakuyaona. Aliyafuta kwa ncha ya kanga. "Akaniita mwalimu," akasema, "na anajua." Kisha akakivuta kitabu, akakifungua ukurasa wa kwanza, ukurasa wa kwanza wenyewe hasa, akaniambia haya tuanze.

Alijifunza herufi zote kabla likizo haijaisha. Siku hizi ule mtaa ukipita huutambui. Nyumba yetu imejengwa ghorofa, duka la kona linauza simu, na mchuuzi ukimwomba karanga za karatasi atakushangaa. Yule mwalimu mkuu alitangulia zamani, na bibi akafuata mwaka ambao mwanangu wa kwanza alianza shule. Sikuwahi kumshukuru yule mzee kwa kunyamaza. Nilikutana naye mara mbili mjini, mara zote mbili nikamwamkia nikapita, nikiona haya, nikidhani iko siku.